Bundi Shambani: Namna ya Kumpa Makazi Ndege Anayekula Panya Wako

Mkulima wa mahindi wa Kilosa, Mvomero au Kongwa hahitaji kuelezwa panya shamba ni nani. Anamfahamu kwa vishimo vilivyopangana kwenye mstari siku chache baada ya kupanda, pale mbegu zilipofukuliwa moja baada ya nyingine kana kwamba mtu amepita na kijiti akizihesabu. Watafiti wamekadiria kwamba panya huondoa kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi ya Tanzania kwa mwaka, na katika miaka ya milipuko yapo mashamba yanayopandwa upya mara mbili au yanayoachwa kabisa. Mwongozo huu unamhusu ndege ambaye amekuwa akiwala panya hao tangu kabla ya mashamba yenyewe kuwapo, yaani bundi, hasa yule mweupe mwenye uso wa umbo la moyo ambaye wataalamu humwita Tyto alba. Unahusu pia jambo ambalo maelezo mengi ya namna hii hulipitia juu juu: kwamba kutengeneza sanduku la kutagia ni kazi ya Jumamosi moja, lakini kazi yenyewe hasa iko kwa majirani na kwenye duka la pembejeo.

Tutangulize ukweli usiopendeza. Katika mashamba ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, watafiti waliwahi kulinganisha vipande vya mahindi vilivyozungushiwa nyavu ili wanyama wawindaji wasiingie, vipande vilivyoachwa vilivyo, na vipande vilivyowekewa masanduku ya bundi pamoja na nguzo za ndege kutulia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba katika shamba lililo wazi, kazi ya ndege hufichwa na uhamaji wa panya wenyewe: anayeliwa leo nafasi yake huchukuliwa kesho na mwingine kutoka kwenye kichaka cha jirani. Jike wa panya shamba hubeba mimba kwa wiki tatu na ushei, na uzao mmoja waweza kufika watoto kumi au zaidi, kwa hiyo mwenye kutarajia bundi wawili wafute panya wa kijiji kizima atavunjika moyo mapema. Bundi ni sehemu moja ya udhibiti, pamoja na kufyeka mipaka, kulima vizuri, kupanda kwa wakati mmoja na majirani na kutega mitego. Sehemu hiyo, hata hivyo, hufanya kazi kila usiku bila kulipwa, na ndiyo tunayoiharibu kwa mikono yetu.

Kwanza tafuta kama bundi yupo

Usinunue mbao kabla ya kujua kama eneo lako lina bundi. Huyu wa uso wa moyo huweka makazi karibu na watu kuliko bundi wengine wote, na mara nyingi huwa yupo bila mwenye shamba kujua, kwa kuwa hatoi ule mlio mzito wa kuguna ambao wengi wanautarajia kwa bundi. Mlio wake ni ukelele mkavu, mrefu, kama kitambaa kipya kinachochanwa, nao husikika akiwa anaruka. Vifaranga vyake hutoa sauti ya kukoroma, saa nyingi mfululizo, na nyumba nyingi zenye dari tupu zimesingiziwa majini kwa sababu ya koromo hilo.

Anza na mahali palipo na giza mchana: uwazi wa mbuyu mzee, dari ya darasa lisilotumika, ghala la zamani la chama cha ushirika, mnara wa tangi la maji. Kwenye mabonde yenye mito angalia pia kiota cha fundichuma, ambaye wengine humwita msingwe, yule ndege wa rangi ya kahawia mwenye kichwa kama nyundo, anayejenga furushi kubwa la vijiti kwenye panda la mti mpaka mtu mzima anaweza kusimama juu yake. Fundichuma hujenga viota vingi kuliko anavyohitaji, na bundi, ambaye hajui kujenga chochote, huingia katika vile vilivyoachwa. Mti wenye furushi la namna hiyo ni nyumba iliyokwisha kujengwa, na kuukata kwa ajili ya kuni ni hasara ambayo sanduku lako litachukua miaka kuifidia.

Chini ya mahali bundi anapolala utakuta chokaa ya kinyesi cheupe ukutani au kwenye shina, na utakuta madonge. Bundi hummeza panya mzima, kisha tumbo lake hutenganisha nyama na vile visivyoyeyuka, na baada ya saa kadhaa hutapika donge la manyoya lililofungia mifupa ndani yake. Donge jipya huwa jeusi, lina mng'ao kama limepakwa ute, na ukubwa wake ni wa kidole gumba cha mtu mzima. Likizeeka hugeuka kijivu na kumong'onyoka.

Chukua madonge kumi ukiwa umevaa glavu, uyaloweke katika maji ya uvuguvugu kwenye beseni ili vumbi lisikuingie puani, na uyafungue polepole kwa vijiti viwili. Kazi hii haina kinyaa kama inavyosikika, na watoto wa shule huipenda. Fuvu la panya utalitambua kwa meno mawili ya mbele yenye rangi ya chungwa, yaliyopinda, na pengo kubwa kati yake na magego. Fuvu la kirukanjia ni jembamba, meno yake yameungana tangu mbele hadi nyuma bila pengo, na ncha zake ni kali kama za msumeno. Fuvu la ndege lina mdomo, na mdomo mfupi mnene kwa kawaida ni wa kwelea kwelea au shorewanda. Hesabu mafuvu, au pale mafuvu yalipovunjika, hesabu taya za chini na ugawanye kwa mbili. Karatasi yenye hesabu hiyo ni silaha utakayoihitaji katika hatua inayofuata, kwa maana jirani anayesema bundi wako anakula vifaranga vya kuku wake atanyamaza mbele ya bakuli la meno ya panya mapema kuliko mbele ya hotuba yako.

Maneno ya majirani

Bundi ni ndege wa uchuro. Akilia juu ya paa watu husema kuna msiba unakuja, na kama mgonjwa yumo ndani basi lawama imekwisha kupata pa kuangukia. Hurushiwa mawe, huchomewa kiota, na mwenye nyumba anayemvumilia hutazamwa kwa jicho la pembeni. Sioni faida ya kuwacheka watu kwa imani hii, wala ya kumleta mtaalamu wa mjini awahutubie. Mwongozo wowote wa kufuga urafiki na bundi usioanza na mazungumzo haya umeandikwa na mtu asiyekaa kijijini.

Kinachofaa ni kwenda mapema, kabla sanduku halijapanda juu, kwa wazee wa kitongoji na kwa mwenyekiti, ukiwa na madonge yako, na kueleza unachotaka kufanya na mahali utakapokifanyia. Omba ushauri wao kuhusu mahali, na uufuate. Mahali panapokubaliwa na watu, hata kama ni mita mia tatu kutoka pale ulipopataka, pana thamani kuliko mti bora kabisa ulio karibu na nyumba ya mtu mwenye hofu. Weka sanduku mbali na nyumba za kulala, mbali na makaburi, na mbali na kilinge cha mganga kama kipo. Kwenye shule mambo huwa mepesi zaidi, kwa kuwa walimu wa sayansi hupenda madonge na watoto huenda nyumbani wakisimulia.

Tatizo hili si letu peke yetu. Mradi mkubwa wa masanduku ya bundi ulioanza mwaka 1983 katika kijiji cha ujamaa cha Sde Eliyahu, nchini Israeli, ulipovuka mto kwenda kwa wakulima wa Yordani, ulikuta kule pia bundi ni dalili ya mkosi, na wakulima wakazoea polepole. Nyanda za Nyeri nchini Kenya, upande wa Kiawara, bundi mkubwa aitwaye bundi wa Mackinder hutaga kwenye magenge yaliyozungukwa na mashamba ya mboga, na huko wapo wakulima ambao sasa huwalipisha wageni wanaokuja kumtazama. Mfano kama huo, ukitajwa na mkulima kwa mkulima mwenzake, huingia sikioni.

Jambo moja lisemwe bayana katika mazungumzo hayo. Bundi hanunuliwi, hakamatwi na hahamishwi. Wapo watu wanaomtafuta kwa ajili ya uganga, na habari ya kiota chako ikienea itawafikia. Kumkamata mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 ya Tanzania, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2013, kwa hiyo ukiona mtu anazungukia kiota, mjulishe afisa wanyamapori wa wilaya.

Sumu

Hapa ndipo miradi mingi ya bundi hufia. Bundi wa uso wa moyo huwinda katika eneo la kilomita moja hadi tatu kutoka kiotani, ambalo kwa mashamba yetu ya ekari mbili mbili ni mashamba ya watu kadhaa. Wewe waweza kuacha sumu kabisa, na bundi wako akafa kwa panya wa jirani ambaye hata jina lako halijui vizuri.

Elewa kwanza namna sumu zinavyotofautiana, kwa sababu muuzaji wa dukani mara nyingi atakuuzia iliyopo. Kundi la kwanza ni la sumu zinazozuia damu kuganda. Panya akila leo hafi leo. Hufa baada ya siku kadhaa akivuja damu ndani kwa ndani, na katika siku hizo hutembea kwa kulegea, mahali pa wazi, hata mchana, yaani anakuwa windo rahisi kuliko panya mzima. Warfarini, ya kizazi cha kwanza, hutoka mwilini mapema kiasi. Brodifakamu, bromadayoloni na nyingine za kizazi cha pili hukaa katika ini kwa miezi, na bundi anayekula panya wawili watatu wa namna hiyo kwa juma hujikusanyia kipimo chake cha kifo. Katika mashamba ya michikichi ya Malaysia, ambako bundi wamewekewa masanduku kwa miongo kadhaa, bundi walipungua pale warfarini ilipoachwa na brodifakamu ikashika nafasi yake. Soma lebo, tafuta jina la kiuatilifu chenyewe na si jina la biashara lililoandikwa kwa herufi kubwa, na kama ni la kizazi cha pili lirudishe rafuni.

Zinki fosfaidi ni habari tofauti. Huua kwa saa chache kwa kutoa gesi tumboni, na haijikusanyi katika nyama kama zile za kwanza, kwa hiyo hatari yake kwa bundi ni ndogo zaidi. Hatari yake kubwa ni chambo chenyewe, ambacho kuku, kanga, njiwa, mbwa na watoto hukila moja kwa moja. Katika mwaka wa mlipuko, serikali inapogawa chambo, hutaweza wala hupaswi kumzuia mtu kuokoa chakula cha familia yake. Unachoweza kufanya ni kukubaliana na wenzako kwamba chambo kitaingizwa ndani ya mashimo au ndani ya vipande vya bomba na mianzi, si kumwagwa juu ya ardhi, na kwamba kila asubuhi kwa siku tatu au nne zitakazofuata mtu atapita kuokota mizoga na kuifukia kina cha nusu mita. Huo ndio mkataba wenyewe. Uandikeni hata kwenye daftari la kikundi.

Kuna pia unyunyiziaji wa kwelea kwelea kwa eropleni kwenye maeneo wanakolala. Fenthioni inayotumika ni sumu kali kwa ndege wote, na ndege wala nyama humezwa na mtego huo wanapookota kwelea walioanguka wakiwa wanatapatapa. Zamu ya kunyunyizia ikitangazwa katika kata yako, mweleze afisa ugani mahali viota vilipo, na baada ya hapo msiokote kwelea hao kwa kitoweo.

Mwenye kudhani kwamba haya ni woga wa wapenda ndege atazame Kenya. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022, uliolinganisha hesabu za ndege wala nyama zilizofanywa kando ya barabara za nchi hiyo katika miaka ya 1970 na zile za karibuni, ulikuta aina 19 kati ya 22 zimepungua. Miongoni mwa zilizopungua vibaya yumo tai mwenye ushungi, yule mweusi anayekaa juu ya nguzo ya umeme nywele zikipepea kichwani, ambaye chakula chake kikubwa ni panya wa mashambani.

Shamba lenyewe

Ndege wa kuwinda huhitaji mahali pa kukaa akatazama na kusikiliza. Katika shamba lililosafishwa miti yote, nguzo zenye umbo la herufi T hufanya kazi hiyo vizuri ajabu. Chukua mti mnyoofu wa mita nne au tano, pigilia juu yake kipande cha nusu mita chenye unene wa mpini wa jembe, kiwe na gome lake ili kucha zishike, kisha usimike kwa kina cha nusu mita. Nguzo nne hadi sita kwa ekari mbili tatu zinatosha. Zipange karibu na mipaka yenye majani na kwenye kingo za tuta, kwa maana huko ndiko panya wanakotokea, na uziweke wiki moja kabla ya kupanda. Mchana utamwona mwewe mdogo mweupe, mwenye mabega meusi na macho mekundu, akizitumia, au akining'inia hewani mahali pamoja huku mabawa yakitetemeka. Huyo naye ni mla panya, na kwa mkulima ni zamu ya mchana.

Acha miti michache mikubwa, hasa ile iliyokufa sehemu na yenye matundu. Mti mkavu wenye tundu moja kubwa una manufaa kwa bundi kuliko miti kumi ya mstari iliyopandwa mwaka jana. Kuhusu majani, pana mvutano ambao siwezi kuufuta: majani marefu kwenye mipaka ni maficho ya panya, lakini pia ni makazi ya bundi mwingine, yule wa nyanda zenye unyevu, anayetaga chini kabisa kwenye majani. Mimi hufyeka ukanda wa mita tatu kuzunguka mahindi na kuacha majani ya bondeni yalivyo, bila kuyachoma. Kuchoma moto huua vifaranga vya chini, na panya huingia shimoni wakatoka moto ukishapita.

Tangi la saruji, pipa lililo wazi na birika la kunyweshea ng'ombe huua bundi wengi kuliko watu wanavyojua. Ndege huja kuoga au kunywa usiku, huteleza, na manyoya yake laini, yaliyoumbwa kwa ajili ya kuruka kimya, hulowa mara moja. Tupia ubao unaoelea, au simamisha tawi linalotoka chini mpaka nje ya ukingo.

Sanduku

Sasa mbao. Tumia za inchi moja, kuukuu kama zipo, zisizopakwa dawa ya mchwa wala rangi kwa ndani. Sakafu iwe sentimita 60 kwa 40, na kimo cha sanduku sentimita 55. Mlango ni mraba wa sentimita 15, na ukingo wake wa chini uwe sentimita 35 juu ya sakafu. Kipimo hicho cha mwisho ndicho ambacho mafundi hukipuuza, kwa sababu mlango wa chini huonekana mzuri zaidi. Sanduku langu la kwanza lilikuwa na mlango wa kimo cha kiganja kutoka sakafuni. Vifaranga wa wiki tano, walio na njaa, husukumana kuelekea mlangoni wanaposikia mzazi anakuja, na siku moja asubuhi nilikuta mabawa ya kifaranga kimoja chini ya mti pamoja na nyayo za kanu. Sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Toboa matundu matano ya ukubwa wa penseli sakafuni ili maji yatoke, na mengine juu kwenye kuta, chini ya paa, ili hewa ipite. Paa liwe la ubao, na juu yake bati lililoinuliwa sentimita tano kwa vipande vya mbao, kwani bati likilala moja kwa moja juu ya sanduku, jua la saa nane mchana la Dumila litaoka mayai. Ukuta wa nyuma uwe na bawaba ili uweze kusafishia. Mbele ya mlango pigilia kibaraza cha sentimita 20, ambacho vifaranga watajifunzia kupiga mabawa. Ndani weka vumbi la randa au udongo mkavu unene wa vidole vitatu, ili mayai yasibingirike.

Nyuki watakutangulia. Katika maeneo yetu hili ni karibu jambo la hakika, na ningeshangaa kukutana na mtu aliyeweka masanduku matano asipate kundi la nyuki katika moja. Kusugua dari ya ndani kwa sabuni ya mche husaidia, kwa kuwa nta haishiki vizuri. Wakishaingia, mwite mrina asali usiku awahamishe, usiwachome. Au waachie nyuki lile sanduku, utengeneze jingine, na uvune asali.

Lipandishe mita nne hadi sita juu, kwenye mti uliosimama peke yake au kwenye nguzo imara, penye njia wazi ya kurukia. Kuhusu uelekeo, tazama ukuta wa nyumba yako unaolowa zaidi wakati wa masika na uelekeze mlango upande wa pili. Ikiwa upande huo ndio wa jua la mchana, tafuta kivuli cha matawi. Zungushia shina bati laini lenye upana wa sentimita 80 ili kanu, kenge, paka na nyoka washindwe kupanda, na ukate matawi yanayogusana na mti wa jirani. Usiweke sanduku ndani ya kilomita moja kutoka barabara kuu ya lami, kwa kuwa bundi huruka chini chini anapowinda na magari ya usiku huwagonga.

Sanduku moja kwa kila hekta tano hadi kumi latosha. Bundi hawa hulinda kiota tu, hawalindi eneo la kuwindia, hivyo masanduku mawili yaliyo karibu si kosa, na mara nyingi jike hupenda la pili la kupumzikia vifaranga wakishakuwa wakubwa na wasumbufu. Wakati mzuri wa kuyaweka ni Mei na Juni, mvua za masika zinapoisha, kwa maana Morogoro na maeneo yanayofanana nayo panya huanza kuongezeka hapo na kufikia kilele mnamo Oktoba au Novemba, na bundi hutaga pale chakula kinapopatikana. Vuli ikinyesha mapema na kwa wingi, jihadhari na msimu unaofuata, kwa kuwa mvua hizo ndizo hutangulia milipuko. Ukikaa mwaka mzima bila mpangaji, usilihamishe sanduku. Subiri wa pili.

Wakishahamia

Utajua kwa chokaa nyeupe kwenye kibaraza na madonge chini. Kuanzia hapo kaa mbali, kwani jike aliyeshtushwa siku za mwanzo huacha mayai na harudi. Hutaga mayai manne hadi saba, moja kila baada ya siku mbili au tatu, na huanza kuatamia tangu la kwanza, kwa muda wa siku 30 hivi kwa kila yai, huku dume akimletea chakula. Matokeo yake ni vifaranga wa ukubwa tofauti kama ngazi. Panya wakipungua, yule mdogo hufa na huliwa na ndugu zake. Usiingilie, wala usipeleke nyama ya kuku.

Bundi mzima ana gramu 300 hadi 400 na hula kama gramu 70 hadi 100 kwa usiku, yaani panya shamba wawili wa kawaida. Jozi yenye vifaranga watano wa umri wa mwezi mmoja hulazimika kuleta kumi na zaidi, na huo ndio mwezi utakaoona madonge yakirundikana. Vifaranga huanza kuruka wakiwa na wiki nane, lakini hurejea kulala sandukuni kwa majuma mengine kadhaa. Ukimkuta mmoja ameketi chini, akikupulizia na kuyumba kushoto na kulia, mpandishe kwenye tawi kwa glavu nene, kisha uondoke. Wazazi watamlisha hapo hapo.

Safisha sanduku mara moja kwa mwaka, na kwanza sikiliza kwa siku mbili kama hakuna koromo ndani, maana katika nchi zetu bundi anaweza kutaga mwezi wowote. Lowesha takataka, zitoe zikaingie kwenye shimo la mboji, na ubakize safu ya unene wa kidole, kwa kuwa jike hutaga juu ya madonge yaliyovurugika na sakafu tupu humsumbua.

Msimu wa kupanda ukifika, siku ya kumi baada ya mbegu kuingia ardhini, chagua mistari mitano iliyo karibu na sanduku au nguzo na mistari mitano iliyo mbali nazo, uhesabu mashina yaliyopotea kati ya mia katika kila mstari, na uandike pamoja na tarehe ya mvua ya kwanza. Fanya hivyo miaka mitatu, na umwombe jirani aliye upande wa pili wa bonde, asiye na sanduku, ahesabu ya kwake siku hiyo hiyo.